Maswali Yaliyotemesha Duara

Paskazia Maduhu alikuwa na amri moja tu ya kazi, na hata hiyo hakuitunga yeye. Alipewa na msimamizi wake wa masomo, Profesa Cornel, siku ya kwanza alipoketi ofisini kwake, enzi hizo akiwa bado anaamini kwamba shahada ya uzamivu ni jambo la miaka mitatu. "Mtafiti wa dini," Profesa alimwambia huku akifuta miwani kwa ncha ya tai, "haongezi imani ya mtu wala haipunguzi. Unauliza, unaandika, unaondoka. Ukiongeza hata chembe umechafua uwanja, na uwanja uliochafuka mimi siupitishi."

Maneno mazuri hayo, ya mtu anayekaa kwenye kiyoyozi. Tangu siku ile miaka ilikuwa imekwenda. Chuo kilimwongezea Paskazia muda, kikamwongezea tena, kisha kikachoka. Mara ya mwisho Profesa alimpigia simu mwenyewe. "Ijumaa ya wiki ijayo nakuja huko huko Geita nione mahojiano yako kwa macho yangu. Nikiridhika, unaandika tasnifu. Nisiporidhika, jina lako linafutwa, na usije ukanipigia simu ya kulia."

Nyumbani kwao Tinde hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama yake alishaanza kumwita Daktari. Alimtangaza sokoni, akamtangaza kwenye jumuiya, na kila Paskazia alipokwenda kusalimia alikuta majirani wamepanga foleni na watoto wanaokohoa. Aliwaeleza mpaka akachoka kwamba yeye ni daktari wa mambo ya dini, tena bado hajawa. Walimwitikia kwa heshima, kisha wakamfunulia kifua cha mtoto. Mtu wa namna hiyo akifutwa chuo, atarudi Tinde na uso gani?

Basi akaenda Nyantimbili, na hapo lazima tumsifu, alichagua vizuri. Nyantimbili ni machimbo ya wachimbaji wadogo huko Geita, vibanda vya mabati na maturubai vilivyojengwa bila kuulizana, na karasha za kusaga mawe zinaunguruma kutwa nzima. Makanisa yamepakana ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba ukisema amina huku umeshaitikia sala ya jirani. Kuna msikiti uliojengwa na vijana waliotoka Kigoma, na kuna kibao cha mganga chenye namba mbili za simu. Kila asubuhi watu wanashuka ardhini kwa kamba, na mtu anayeshuka ardhini kwa kamba hakosi la kumwambia Mungu. Kwa mtafiti wa imani, hapo ni sokoni.

Alipanga chumba kwa Salome, ambaye kila mtu alimwita Mama Limi, mwanamke mnene mcheshi aliyepika wali na maharage kwenye banda lake la chakula na kujua habari za kila mtu kabla mwenyewe hajazijua. Siku mbili tatu za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Wachimbaji walimjibu kwa ufupi, wengine walimkimbia, mmoja alimtongoza. Ndivyo utafiti unavyokuwa. Paskazia alianza kupata usingizi.

Kisha akamhoji Mabula.

Mabula alikuwa mtu wa Mhunze, Kishapu, aliyeuza ng'ombe wa familia ili achimbe dhahabu, na duara lake, yaani shimo lake, halikuwa limetoa kitu zaidi ya mawe na matope. Lilikuwa kavu muda mrefu hata vijana aliowaajiri waliacha kumwamkia. Kurudi kwa mkewe bila ng'ombe na bila dhahabu hakuweza. Akabaki pale, anakohoa vumbi na kuangalia shimo.

"Mwadila, bhabha," Paskazia alimsalimu kwa Kisukuma mchana ule, akaketi kwenye kigoda mbele yake. Kisha akamsomea maneno ambayo chuo kinamtaka kila mtafiti ayasome kabla ya kuanza. "Jina lako halitatajwa popote. Unaweza kuacha wakati wowote ukitaka. Hakuna jibu sahihi wala jibu lisilo sahihi."

Mabula akanyanyua nyusi. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa maneno mazito kama hayo.

Paskazia akauliza. Jina la baba, ukoo, dini, sala anazosali, ndoto anazoota. Akauliza pia lile swali alilolipenda kuliko yote, ambalo Profesa alilifuta na yeye akalirudisha: je, kuna ndugu marehemu unayedhani ana mkono katika mafanikio yako au mikosi yako? Mabula alianza kujibu kwa neno moja moja, kama anayelipia kila neno. Alipofika kwa babu yake, aliyezikwa bila yeye kuwepo, alibubujikwa na machozi mpaka vijana wake wakageuka kuangalia pembeni. Paskazia aliandika yote kwa mkono wa kushoto, maana alizaliwa mashoto. Mwisho akasema, "Asante sana, tumemaliza," akanywa maji nusu chupa, akaona yamekuwa ya moto, akayamwaga chini. Akaenda zake kula.

Kesho yake duara la Mabula likatema.

Duara likitema ni kwamba dhahabu imetoka, na hii haikuwa ya kuokoteza. Vijana walitoka shimoni wakipiga mayowe, karasha zikazimwa, watu wakakimbia kutoka kila upande. Sasa wewe na mimi tungesema labda mwamba wenye dhahabu umefikiwa, labda vijana walichimba kwa bidii. Mabula hakuupa mwamba hata asante. Alisimama juu ya kifusi chake, akawasha simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wachimbaji. "Ndugu zangu, ni yule mwalimu mwenye kigoda. Ameniuliza jana, leo limetema. Mganga naye si huanza hivyo hivyo? Jina la baba, ukoo, marehemu gani anakusumbua. Huyu ameuliza yote, tena bila kuku! Halafu amelificha jina langu, wabaya wangu wamelitafuta wasilione."

Ujumbe ule ulifika Kahama kabla ya chakula cha mchana.

Paskazia hakujua lolote, alikuwa ameshinda chumbani akisahihisha sura ya pili. Asubuhi iliyofuata alifungua mlango akakuta wanaume wamejaa uani, kila mmoja na kigoda alichobeba mwenyewe, wametulia kama watu walio hospitali.

"Mwangaluka, mwalimu!" wakamwamkia kwa pamoja.

Alirudi ndani akafunga mlango. Akamwita Mama Limi kwa dirisha la nyuma. "Mama Limi, hawa watu wana nini?"

"Wamekuja kuulizwa," alisema Mama Limi, anachambua mchele bila wasiwasi wowote. "Na mimi uniweke kwenye mstari, mwanangu. Biashara si mbaya, lakini na mimi nina marehemu."

Paskazia alijikaza kisabuni, akatoka, akawaelezea. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kisukuma, kwamba yeye ni mwanafunzi tu, kwamba maswali yale yametungwa chuoni, kwamba hayana nguvu yoyote. Walimsikiliza kwa adabu mno. Alipomaliza, mzee mmoja akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kuridhika, "Umemsikia? Hajisifu. Wale wa uongo ndio wanaojisifu."

Hapo ndipo alipaswa kufunga mizigo, ukiniuliza mimi. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na mahojiano yake hayakuwa yametosha. Akajiambia kwamba watu ni watu, wakijibu maswali ni data. Akamwita wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Davis, kijana dalali wa dhahabu, mwenye asili ya Mbeya na miwani ya jua aliyogoma kuivua.

"Kuna ndugu marehemu unayedhani ana mkono katika mafanikio yako?"

"Babu yangu," akajibu Davis haraka. "Alizikwa Mhunze, sikuwepo."

"Davis, si umesema kwenu Mbeya?"

"Kwetu Mbeya kabisa, madam."

"Sasa babu yako alizikwaje Mhunze?"

"Madam," alisema Davis, akishusha sauti kama anayemwonea huruma, "hilo ndilo jibu lililotema."

Wote walikuwa vivyo hivyo. Wote walikuwa na babu mmoja, na wote walilia mahali pamoja. Mmoja aliyeshindwa kutoa machozi alijipaka kitunguu, na Paskazia alikinusa. Alipojaribu kuandika kwa mkono wa kulia ili kuvunja imani yao, uwanja mzima ulinguruma: "Hapana, mwalimu, mkono ule ule!" Alipokataa kunywa maji, walimletea katoni.

Kufikia jioni kulikuwa na madhehebu. Sitanii. Kundi moja, lililokuwa linakaa karibu na karasha, lilisema nguvu iko kwenye mkono wa kushoto; hao wakaitwa Watu wa Shoto. Kundi la pili lilisema mkono ni chombo tu, nguvu yenyewe iko kwenye maji yanayomwagwa. Hao wakawa Watu wa Maji. Halafu Watu wa Maji nao wakagawanyika, wengine wakishikilia kwamba maji lazima yamwagwe baada ya kusema "tumemaliza", wengine wakisema yakimwagwa baada yanakuwa maji ya kawaida. Mabula, kama shahidi pekee, maana vijana wake walikuwa wamegeuka pembeni, aliulizwa. Mabula alisema hakumbuki vizuri kwa sababu alikuwa analia. Jibu hilo liliwatia moto badala ya kuwatuliza, na kijana mmoja akapigwa kibao kwa mambo ya chupa.

Kesho yake duara la pili ambalo mwenyewe alihojiwa halikutema. Paskazia alishangilia kimoyomoyo, akadhani wataelewa sasa. Wapi! Mwenye duara alisimama mbele ya watu akakiri kwamba alidanganya kwenye swali la sala: alisema huwa anasali kabla ya kushuka, kumbe huwa anasinzia. Watu wakatikisa vichwa. Imani ikaongezeka. Duara la tatu nalo halikutema, na hapo ikakumbukwa kwamba mwalimu alipiga chafya.

Alikaa kitandani mchana ule na kichwa kikimwanga. Mbele ya macho yake dini ilikuwa inazaliwa, na mizozo yake, na toba zake, na wafasiri wake, jambo ambalo watafiti wakubwa wanalitafuta maisha yao yote kwenye magofu na maandishi yaliyoliwa na mchwa. Na yeye hakuweza kuandika hata mstari, kwa sababu aliyeizaa ni yeye. Uwanja haukuwa umechafuka tu. Ulikuwa umechafuka na kuanza kumwimbia. Aliona uchungu kiasi cha kutaka kucheka, akacheka, na watu waliokuwa nje wakaanza kubishana maana ya kicheko.

Alhamisi alipata wageni wa heshima. Mchungaji Luka, mwenye kanisa kubwa kuliko yote pale Nyantimbili na kipaza sauti kinachosikika mpaka shimoni, alikuja amefuatana na mganga Maige. Huyu Maige usimfikirie mzee wa mvi na usinga. Alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka na pikipiki mpya, na ndiye mwenye kile kibao cha namba mbili. Wawili hao hawakuwahi kusalimiana tangu machimbo yaanze. Sasa walikuwa wameketi kwenye benchi moja la Mama Limi, magoti yakigusana.

"Mwalimu," alianza Mchungaji Luka, "mimi sina ubaya na wewe. Nauliza tu. Nani alikuwekea mikono? Huduma haianzi hewani. Mtu anatumwa, anaombewa, anakabidhiwa."

"Hapo hapo, Mchungaji," akadakia Maige. "Mimi nilikabidhiwa na mjomba. Nimechimba dawa porini miaka na miaka nikiwa mtoto. Huyu dada kakabidhiwa na nani? Katoka tu kwenye basi na kalamu."

"Na halafu hakuna toba," Mchungaji akasema.

"Wala kuku," Maige akaongeza kwa huzuni.

Wakatazamana kwa mshangao, kama watu waliogundua kwamba ni ndugu. Paskazia alitaka kuwakumbatia. Mchungaji na mganga wanatumia hoja ile ile, kwa maneno yale yale, kumkataa mshindani wa tatu! Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imeketi pale mbele yake inakula maandazi. Aliwaambia ukweli, kwamba yeye hana huduma, hana dawa, hataki muumini wala mteja, na angewashukuru sana kama wangewatangazia watu hivyo.

"Tumeshawatangazia," alisema Mchungaji Luka. "Wamesema tuna wivu."

"Na kweli tunao," alisema Maige, akachukua andazi jingine.

Ijumaa ikafika, na gari la Profesa Cornel likafika nayo, jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi. Paskazia alikuwa amewasihi wachimbaji tangu alfajiri wabaki kwenye maduara yao. Alikuwa amemwomba Mabula, akamwomba Davis, akampigia magoti Mama Limi. Walimwahidi wote. Kosa lake lilikuwa kuwaambia ni nani anayekuja. Kwao wao, mtu aliyemfundisha mwalimu maswali hawezi kuja halafu watu wabaki shimoni.

Profesa aliposhuka, suti yake ya kijivu na mkoba wake wa ngozi, uwanja wote ulipiga goti.

"Jina langu halitatajwa!" akaanza Mabula kwa sauti ya kuongoza.

"Popote!" wakaitikia watu.

"Hakuna jibu sahihi!"

"Wala lisilo sahihi!"

"Unaweza kuacha!"

"Wakati wowote ukitaka!"

Watu wa Shoto wakanyanyua mikono ya kushoto. Watu wa Maji wakafungua chupa, kundi moja likamwaga, kundi jingine likapiga kelele kwamba wenzao wamewahi, na kabla hujasema lolote suruali ya Profesa ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alivua miwani. Hakuifuta, aliishika tu mkononi, pengine akiona afadhali asione vizuri.

"Shikamoo, Profesa," alisema Paskazia.

"Marahaba. Hawa ni nani?"

"Ni wahojiwa, Profesa."

"Hawa si wahojiwa," alisema Profesa Cornel. "Hawa ni waumini."

Waliingia kwenye banda la Mama Limi, dereva akaketi mlangoni kuzuia watu. Profesa alizungumza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoumiza. Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuona uwanja uliovurugwa namna ile. Kazi hii ingeweza kuwa nzuri, alisema, na sasa haina hata jibu moja la kuaminika. Jumatatu angewaambia wenzake wa idara kwamba jina la Paskazia liondolewe. Alisema pole. Pole yenyewe ilikuwa ya kweli, na hiyo nayo ikauma.

Paskazia alilia. Hakulia kwa ustadi wa wale wenye kitunguu. Alilia vibaya, pua ikimchuruzika, akimfikiria mama yake pale Tinde akiwaeleza majirani kwamba Daktari amerudi, lakini si daktari tena, na kwamba watoto wapelekwe zahanati. Mama Limi alimletea kanga ya kujifutia na kumtupia Profesa jicho ambalo lingeweza kuivisha maharage.

Profesa hakuinuka. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akabaki anazungusha kikombe.

"Huyo Mabula," alisema mwishoni. "Duara lake lilikuwa limekauka kweli, au watu wanatia chumvi?"

"Lilikuwa kavu, Profesa."

"Kavu kabisa?"

"Hata vijana wake walikuwa hawamwamkii."

Profesa akaguna. "Na swali la marehemu. Lile nililolifuta. Ulimuuliza kabla ya ndoto au baada?"

"Baada," alisema Paskazia, akijua kwamba anazidi kujichimbia kaburi. "Nisamehe, Profesa. Nililirudisha bila ruhusa yako."

"Na maji uliyamwaga kabla ya kumaliza, au ulipokwisha kumaliza?"

Paskazia akaacha kulia. Alimwangalia msimamizi wake kwa mara ya kwanza tangu waketi. Profesa alikuwa anaangalia kikombe.

"Dereva," akaita. "Nenda kaangalie upepo wa matairi. Yote. Na la akiba." Kisha akamgeukia Mama Limi. "Mama, samahani, ungetupisha kidogo." Mama Limi akaenda nyuma ya turubai, hatua mbili, mahali ambapo mtu husikia vizuri zaidi.

Profesa akavuta kigoda, akaketi mbele ya Paskazia, magoti yake yenye suruali mbichi yakiwa yamebanana.

"Nina duara," akasema.

"Profesa?"

"Upande wa pili wa Geita huko. Mimi na wenzangu wawili wa kitivo. Mmoja anafundisha falsafa." Akatazama mlangoni. "Mke wangu anafikiri tunajenga hosteli. Duara halijatoa kitu, Paskazia. Halijatoa hata kinachong'aa. Nimempeleka mtaalamu wa miamba. Nimempeleka padri akalibariki. Nimempeleka na mganga."

"Mganga gani?"

"Mmoja mwenye viatu vilivyochongoka. Ametumalizia kuku." Akamwangalia kwa macho ambayo Paskazia hakuwahi kuyaona ofisini, macho ya mtu aliyeuza ng'ombe. "Niulize na mimi."

Paskazia aliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja. Angeweza kucheka, na Mungu anajua alikuwa na haki. Angeweza kumwambia nipe kwanza shahada yangu. Lakini alikuwa amefundishwa kazi na mtu huyu huyu, akaifanya kama alivyofundishwa. Akachukua kalamu, akamsomea kwamba jina lake halitatajwa popote, na aliona mabega ya Profesa yakishuka kwa nafuu.

Akauliza yote. Profesa Cornel, aliyeandika vitabu viwili kuthibitisha kwamba mtu wa kisasa ameachana na mambo hayo, alijibu kwa karibu saa nzima. Alieleza kwamba husali rozari kwenye gari akiwa peke yake, na dirisha analipandisha. Alieleza ndoto ya nyoka anayempa mkono. Alipofika kwa marehemu akamtaja dada yake, mkubwa wake, aliyeacha shule ili yeye asome, akafa kabla hajamwona akivaa joho. Na akalia, kwa machozi yake mwenyewe, si ya babu wa Mhunze. Yalikuwa mahojiano bora kuliko yote aliyowahi kufanya Paskazia, na mkono wake ulimuuma kwa kuandika. Nyuma ya turubai Mama Limi alipenga kamasi.

"Asante sana, tumemaliza," alisema Paskazia. Chupa ya maji ilikuwa mezani. Profesa aliitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena. Paskazia akanywa kidogo, akamwaga. Angefanyaje? Alimwonea huruma.

Profesa akasimama, akajinyoosha suti, akavaa miwani, na sauti yake ya ofisini ikarudi. "Nimefikiri upya. Uwanja haukuchafuka. Ulichokikuta hapa ndicho hasa ulichotumwa kukitafuta, na kwa kuwa wewe ni sehemu yake, utajiandika na wewe humo humo, bila kujionea haya. Ni kazi ya maana. Jumatatu nitawaambia hivyo. Andika tasnifu yako, Daktari."

Furaha ilimpanda Paskazia mpaka akashika meza. Ameula! Aliona Tinde, aliona mama yake akipiga vigelegele sokoni, aliona joho. Akafungua mdomo kushukuru, na shukrani ikagoma kutoka, kwa sababu kitu kilikuwa kimemchoma. Alijua kingeendelea kumchoma siku ya kuvaa joho, na siku ya kuajiriwa, na kila atakapoitwa kwa cheo hicho. Heri kukiuliza sasa, wakati kalamu bado iko mkononi.

"Profesa, limebaki swali moja."

"Uliza."

"Umepitisha kazi yangu kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu unaogopa ukinifuta duara lako halitatema?"

Nje watu wa Nyantimbili walikuwa wameanza tena kubishana, na dereva alisikika akisema matairi yote ni mazima. Profesa Cornel aliutazama ukuta wa mabati, akautazama mkono wa kushoto wa mwanafunzi wake, akaondoa macho haraka.

"Andika," akasema, "mhojiwa alikataa kujibu."

Paskazia akaandika.